Samansi Iliyoungua Dukani

Mume wangu hasomi karatasi kabla hajaigusa. Iwe ni karatasi ya kufungia mkate, iwe ni tangazo lililobandikwa mlangoni, ataisugua kwanza kwa kidole gumba, aipindue, aielekeze dirishani. Kisha atatoa hukumu. "Nyepesi mno," atasema. Au, "Aliyechapa hii alikuwa na haraka zake." Ndipo aanze kusoma. Binti yetu ana miaka kumi na miwili na anamwiga vizuri sana. Mwalimu akimrudishia daftari, hulisugua kwanza.

Tunamvumilia kwa sababu ni fundi. Kule tulikotoka alikuwa na duka la kupiga chapa kwa miaka kumi na tisa. Lilikuwa na mashine kubwa moja, ndogo moja, na kisu cha kukatia karatasi ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa ila yeye. Mimi nilikuwa mkunjaji. Nilikunja, nikabana pini, nikafunga mafurushi. Kadi za mwaliko, vitabu vya risiti, mitihani ya shule, vyote vilipita mikononi mwangu. Nasema haya kwa kujivuna na wala sioni aibu.

Sasa tunaishi katika chumba kimoja, ghorofa ya tatu, na jiko tunatumia pamoja na majirani wawili. Kitanda kiko upande huu, godoro la binti upande ule, meza iko katikati. Mume wangu husaidia katika duka la kutoa nakala mtaani kwetu. Mashine zikigoma, huitwa yeye. Pale dukani wanamwita Fundi, na jina hilo limepanda naye ngazi mpaka kwenye jengo letu.

Siku moja tulipata barua. Mume wangu aliisugua, akasema karatasi ni nzuri, kisha akaisoma na kukaa kitandani. Tulikuwa tumeitwa kwenye mahojiano, wiki tatu kutoka siku ile.

Mwaka mmoja kabla yake tulikuwa tumeomba hifadhi. Hifadhi ni ruhusa ya kukaa salama katika nchi ya watu, kwa sababu kwenu kuna wanaotaka kukudhuru. Tukikubaliwa, tungekaa. Tukikataliwa, tungeweza kurudishwa kule kule tulikokimbia.

Kisa chetu si kirefu. Walimu walikuwa wamegoma. Walikuja dukani, mume wangu akawachapia vipeperushi. Wiki iliyofuata ikaletwa samansi, yaani barua ya kumwita kwenye ofisi ya usalama. Walimu wawili walioitwa kwa barua kama ile walikwenda na hawakurudi. Mume wangu hakwenda. Basi wakaja watu dukani, wakataka majina ya walimu walioleta kazi. Hakuyataja. Siku ya tatu duka likachomwa moto. Samansi ilikuwa kwenye droo, pamoja na vitambulisho vyetu. Tuliondoka na nguo tulizovaa.

"Sasa huyo afisa ataniamini kwa lipi?" aliniuliza mume wangu. "Sina hata kipande cha karatasi. Mimi, mtu wa karatasi."



Jumamosi alasiri alirudi kutoka dukani na bahasha mkononi. Alifuta meza kwa kiganja, akaitandaza karatasi iliyokuwemo. Nilipigwa na butwaa. Ilikuwa samansi yetu. Nembo ilikuwa ile ile, maneno yale yale, muhuri wa zambarau ule ule chini ya sahihi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na kingo zake zilikuwa za kikahawia kama karatasi ya zamani.

"Umeipata wapi?"

"Kichwani," alisema. "Nilikuwa naikumbuka mstari kwa mstari. Kingo nimezichovya kwenye chai."

"Lakini mwenzangu, hii si kughushi?"

"Kughushi ni kutunga kitu ambacho hakikuwepo. Hii ilikuwepo, ikaungua, nimeichapa upya. Mteja akipoteza kadi zake, hatukuwa tunamchapia nyingine?"

Ni kweli tulikuwa tukifanya hivyo, tena kwa moyo mweupe. Katika kazi yetu, kuchapa upya ni kumsaidia mtu. Kwa hiyo nilikubali. Nitasema ukweli wote, niliona fahari. Tangu tufike hapa, watu walikuwa wakimwona mume wangu kama mtu wa kufungua mashine na kutoa karatasi iliyokwama. Siku ile nilimwona tena fundi wangu.

Tukaipeleka kwa Shangazi wa Chini.

Shangazi wa Chini anakaa ghorofa ya chini, ndiyo maana akaitwa hivyo. Anafanya kazi katika ofisi inayowasaidia waombaji hifadhi kwa mambo ya sheria. Zamani alikuwa mkalimani katika vyumba vya mahojiano kwa miaka kumi na mmoja. Kwa kuwa binti yetu anamwita shangazi, mimi ni wifi yake, na utani wa wifi anautumia mpaka unaisha. Hatukwenda kwake kuuliza. Tulikwenda kusifiwa.

Alivaa miwani, akaisoma hati kutoka juu hadi chini.

"Hii imewafikia lini?" aliuliza.

"Leo," mume wangu akajibu, huku anatabasamu. Akamweleza yote, mpaka habari ya chai.

Shangazi aliiweka karatasi mezani, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja.

"Kaka, kazi ni nzuri."

"Asante, dada."

"Na uzuri huo ndio utakaokuponza."

Tabasamu la mume wangu likapungua. "Lakini maneno yake yote ni kweli."

"Samansi ilikuwa kweli. Hii si samansi. Hii umeichapa wewe, hapa mtaani, kwa mashine ya juzi juzi. Afisa akikuuliza imetoka wapi, utamwambia umekuja nayo. Huo ni uongo. Akikuuliza ilinusurikaje ilhali droo iliungua, itabidi utunge mwingine. Na wana watu ambao kazi yao ni kuchunguza karatasi. Wanazisugua kama wewe. Wakigundua hii ni ya kughushi, watatilia shaka na yale yaliyo kweli. Walimu, moto, hata ndoa yenu."

"Hata ndoa?" niliuliza.

"Hasa ndoa, wifi. Nani ataamini kwamba mwanamke mwenye akili zake alikubali kuolewa na mtu anayepapasa karatasi za mkate?"

Nilicheka. Mume wangu hakucheka.

"Basi niende mikono mitupu?" alisema. "Afisa apige simu kule aulize."

"Ampigie nani? Wale waliokuletea samansi? Hilo ni mwiko katika kazi ile. Akiiuliza serikali yenu, atakuwa amekutaja kwa watu unaowakimbia. Akimuuliza jirani yako wa kule, atamtia hatarini. Ndiyo maana mambo mengi hayawezi kuthibitishwa, na maafisa wanalijua hilo. Mtu anayekimbia moto hapati muda wa kufungasha mafaili."

"Sasa wanapima kwa kitu gani?"

Shangazi alivua miwani. Nilijua sasa utani umewekwa kando.

"Kwanza anakusikiliza. Anatazama kama maneno ya leo yanashikana na yale uliyoandika kwenye fomu. Anatafuta yale mambo madogo ambayo aliyekuwepo ndiye anayeyajua. Wewe unasema ni mpiga chapa, basi atakuuliza habari za kupiga chapa, na hapo sikuonei huruma, namhurumia yeye. Halafu anafungua taarifa za nchi yenu, ripoti na magazeti. Duka lako hatalikuta humo. Lakini ataona kama walimu waligoma kweli mwaka ule, na kama watu waliowasaidia waliandamwa. Na atataka kujua kama ulijitahidi kuleta ulichoweza kukipata. Kama huna kitu, umweleze kwa nini huna."

"Na shaka ikibaki?"

"Itabaki tu. Hakuna kisa kisichobakisha shaka kidogo. Lakini kama umesema yote unayoyajua, na kwa jumla unaaminika, na hakuna kinachopingana na mambo yanayojulikana, shaka iliyobaki inapaswa kuwekwa upande wako. Hiyo si hisani, ndio utaratibu wenyewe. Afisa hayupo pale kuthibitisha kila msumari wa duka lako. Anajiuliza jambo moja kubwa. Huyu akirudishwa, yuko hatarini kweli?"

"Kwa hiyo tutakubaliwa?" niliuliza.

"Siwezi kukuahidi, wifi. Wapo wanaosema kweli na bado wanakataliwa. Hao wana haki ya kukata rufaa, na sisi huwasaidia. Lakini aliyepeleka hati ya kughushi, hata sisi mikono yetu inafungwa."

Nikaona nami nichangie. "Basi tutakaa wawili tufanye mazoezi, ili majibu yetu yafanane."

"Msithubutu. Mtahojiwa kila mtu na chumba chake. Majibu yanayofanana neno kwa neno yananuka mazoezi. Kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake. Usichokijua, sema hujui, hilo nalo ni jibu. Usipomwelewa mkalimani, sema. Ukichoka, omba mapumziko. Na mwisho mkisomewa maelezo yenu, msiseme ndiyo kwa adabu. Penye kosa, msahihishe kabla ya kutia sahihi."

Tulimshukuru, tukaondoka. Mume wangu aliichukua ile karatasi, akaitia mfukoni.

Hakuichana siku ile, wala siku iliyofuata. Aliiweka kwenye droo ya meza. Mara mbili nilimkuta ameitoa anaisugua. Niliogopa. Nilijua kwamba siku ya mahojiano anaweza kuitia ndani ya koti, na mimi nisijue mpaka mambo yameharibika.

"Mbona huitupi?" nilimuuliza Jumatano, tukiwa tunakunja nguo.

"Hii ndiyo kazi bora niliyoifanya tangu tufike hapa," alisema. "Bila hii nitakaa mbele ya yule afisa kama mtu yeyote tu anayesema maneno."

Hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo nilikuwa nimelibeba muda mrefu. "Kazi yako bora hukuichapa. Walikuja dukani kwako wanataka majina, na hukutaja hata moja. Walimu wale wana wake na watoto. Mimi natembea kifua mbele kwa ajili ya siku ile, si kwa ajili ya karatasi. Nenda ukaseme hivyo hivyo ilivyokuwa."

Alichukua mkasi wa binti, akaikata samansi yake vipande vyembamba. Vyote vilikuwa na upana mmoja. Hata akiharibu, mtu huyu huharibu kwa kipimo.

Siku ya mahojiano ilifika. Jengo lilikuwa na ngazi safi na viti vya chuma vilivyofungwa pamoja. Mume wangu aliitwa kwanza. Alikaa ndani kwa saa tatu. Alipotoka, mlinzi alimwelekeza upande mwingine na mimi nikaingia, hatukuweza hata kuongea.

Afisa alikuwa mwanamke mnyamavu, mwenye tabia ya kuandika kabla hujamaliza kusema. Kando yake alikaa mkalimani. Afisa aliniambia kuwa nitakayosema hayatafikishwa kwa serikali ya kwetu. Akaniuliza tarehe ambayo watu wale walikuja dukani.

"Tarehe siijui," nilisema. "Najua tulikuwa tunamalizia mitihani ya darasa la saba, kwa sababu nilikwenda ng'ambo ya barabara kununua pini. Zilikuwa zimeniishia."

Aliandika. "Walikuja watu wangapi?"

"Watano."

Aliinua macho. "Kwenye maelezo ya mumeo ni wanne."

Ilikuwa rahisi sana kusema samahani, ni wanne, nimesahau. Neno lilinifika mdomoni. Kisha nikakumbuka, kila mtu aseme alichokiona.

"Mimi niliwaona watano," nilisema. "Wanne waliingia ndani. Wa tano alibaki kwenye gari, mlango wazi, mguu mmoja nje, anamenya chungwa kwa kisu. Nilipita karibu naye na pini zangu. Mume wangu alikuwa ndani. Huyo hakumwona."

Aliandika kwa muda mrefu. Mwishoni nikasomewa maelezo yangu. Mahali fulani waliandika kwamba nilikuwa nauza pini. Nikasema hapana, nilikuwa nanunua. Wakasahihisha.

Tulikutana nje kwenye benchi. Nilimwambia habari ya mtu wa tano, nikihofu kwamba labda nimetuharibia. Yeye alikuwa na lake.

"Nimemwambia habari ya samansi niliyochapa."

Nilisimama. "Umemwambia nini?"

"Aliniuliza kama nina hati yoyote. Nikasema sina, iliungua. Nikaona sijamaliza ukweli wangu. Nikamwambia nilichapa nyingine, jirani akanikataza, nikaikata. Akaacha kuandika, akaniangalia. Akauliza kwa nini namwambia jambo ambalo asingelijua kamwe. Nikasema yeye mwenyewe aliniambia mwanzoni niseme yote, na hilo ni katika yote."

"Mungu wangu."

"Subiri. Akauliza, ile ya kwanza ilikuwaje? Nikamwambia karatasi ya gramu sitini, nyembamba, maandishi yanaonekana kwa nyuma. Tarehe ilijazwa kwa kalamu. Na muhuri uligongwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haukuwa na wino wa kutosha. Wa pili ukakaa juu ya wa kwanza, upande upande."

Nikakumbuka ile aliyoichapa. Muhuri wake ulikuwa mmoja, umenyooka, unapendeza. "Mbona wewe uliweka mmoja?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Fundi gani anatoa kazi yenye muhuri wa hovyo?"

Shangazi wa Chini alipoyasikia alishika kichwa. "Nilikukataza kuipeleka, kaka. Sikukuambia uende kuitangaza."

"Ulisema niseme yote."

"Nilisema," alikiri. "Haya, tusubiri."

Tulisubiri wiki tisa. Nilihesabu watu watano usingizini, nikahesabu wanne. Binti aliacha kuuliza. Mume wangu alitengeneza mashine za watu, akarudi jioni.

Barua ilikuja asubuhi ya siku isiyo ya shule. Shangazi alituletea mwenyewe kutoka kwenye masanduku ya chini, hakungoja tushuke. Binti akakabidhiwa aisome, maana ndiye mwenye kusoma vizuri kuliko sote lugha ya hapa. Alimtazama baba yake, akaisugua kwanza kwa kidole gumba.

"Soma, mtoto wewe," nilisema.

Akasoma, akitutafsiria polepole. Barua ilisema mwombaji hakuleta hati yoyote. Ilisema ofisi haikuweza kuthibitisha duka wala samansi, na kwamba mwombaji ameeleza kwa nini. Maelezo yake yana undani na yanashikana, na yanalingana na taarifa za nchi. Tofauti ya idadi ya watu waliofika dukani imeelezwa vizuri na mkewe. Tena mwombaji alisema kwa hiari yake jambo ambalo lingeweza kumdhuru. Yale machache yenye shaka yamewekwa upande wake.

Kisha akasoma mstari wa mwisho. "Ofisi inayakubali maelezo ya mwombaji. Yeye, mkewe na binti yao wamepewa hifadhi."

Nililia, sifichi. Nililia kwa furaha na kwa fahari, mbele ya wifi yangu, na yeye alilia nami, utani wote umemwishia. Mume wangu alikuwa bado amesimama kando ya meza.

"Rudia pale," alimwambia binti.

"Wapi, baba?"

"Pale pa kuyakubali."

Binti akarudia mara tatu. Ndipo mume wangu alipoichukua karatasi. Aliisugua, akaipindua, akaielekeza dirishani. Tulingoja hukumu.

"Wino umefifia upande wa kushoto," alisema. "Mashine yao inataka kusafishwa."

Shangazi wa Chini alifuta macho kwa upande wa kitenge chake. "Hii sasa, kaka," alisema, "nenda dukani ukatoe nakala kadiri unavyotaka."

Alitoa nne. Kila mmoja wetu watatu alipata moja, na ya nne akampa Shangazi. Ile yenyewe iko kwenye droo ya meza, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa ila yeye.